Kumsuka mtoto wa kike haraka bila kumliza

Jumapili jioni katika vijiji vingi vya Singida mambo huja kwa pamoja. Ng'ombe wanarudi, ugali haujasongwa, sare ya shule bado iko kwenye kamba, na mtoto wa miaka sita amekaa chini na nywele alizofumuliwa tangu asubuhi. Mama ana nusu saa. Anamweka mtoto katikati ya magoti, anashika chanuo, na kilio kinaanza kabla mstari wa kwanza haujafika utosini.

Tunaulizwa mtindo upi ni wa haraka. Jibu letu ni kwamba muda haupotei sana kwenye kusuka. Unapotea kwenye kuchana nywele kavu, kwenye mtoto anayekwepa mkono, na kwenye kurudia mstari uliopinda kwa sababu ya kukwepa huko. Nywele zikitengenezwa vizuri kwanza, mitindo ya nyumbani karibu yote inamalizika ndani ya nusu saa, na mtoto anaweza hata kusinzia. Anayetaka kupunguza kazi kwa kukaza nywele ili zikae mwezi mzima anaokoa muda leo, lakini deni linabaki kichwani kwa mtoto. Tutaeleza deni hilo mbele kidogo.

Kwanza ulizia shuleni

Shule nyingi za msingi za serikali huwataka wasichana wanyoe au wawe na nywele fupi. Nyingine huruhusu mtoto asuke nywele zake mwenyewe, mara nyingi mistari ya kawaida tu, bila rasta wala shanga. Utaratibu unaweza kutofautiana hata kati ya vijiji viwili jirani. Muulize mwalimu wa darasa kabla shule hazijafunguliwa Januari au Julai, usingoje asubuhi ya siku ya kwanza. Mtoto aliyesukwa vizuri jana halafu akarudishwa nyumbani kunyolewa leo amepata aibu isiyo yake.

Kunyoa nako ni mtindo, na ndio wa haraka kuliko yote. Mama mwenye watoto wanne na shamba la alizeti linalosubiri palizi hana sababu ya kuona haya kwa kuwanyoa. Jambo la kuangalia ni chombo: wembe mpya kwa kila mtoto, na kama ni mashine ya kinyozi, isafishwe kwa spiriti mbele ya macho yako. Sababu utaiona tutakapofika kwenye mapunye.

Maji kidogo, mafuta kidogo, subira kidogo

Nywele za kipilipili hukauka upesi kwa sababu ya umbo lake. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hayateremki kwa urahisi kwenye unywele uliojikunja, kwa hiyo ncha hubaki kavu hata kama ngozi ina mafuta. Huku kwetu upepo na vumbi la kuanzia Juni hadi Oktoba huongeza ukavu huo. Ukipitisha chanuo kwenye nywele za namna hiyo zikiwa kavu, zinakatika, na mtoto ana haki ya kulia.

Huna haja ya ndoo nzima ya maji. Chukua chupa ya maji ya kunywa iliyokwisha, toboa kifuniko matundu matano sita kwa sindano iliyopashwa moto, jaza maji, nyunyizia. Kikombe kimoja kinatosha kichwa cha mtoto. Visima vingine huku vina maji ya chumvi yasiyotoa povu la sabuni na kuacha nywele ngumu. Kama unakinga maji ya mvua kati ya Desemba na Aprili, weka dumu moja pembeni kwa ajili ya kuoshea nywele.

Kuhusu mafuta, tuseme jambo ambalo mkoani Singida ni kama kumsema mtoto wa mwenye nyumba. Mafuta ya alizeti yanalainisha nywele na kufanya vidole viteleze, lakini yanabaki juu juu. Watafiti wa India waliolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini walichapisha matokeo yao mwaka 2003. Mafuta ya nazi yalipunguza upotevu wa protini ya nywele kwa kuwa huingia ndani ya unywele, na hayo mengine mawili hayakufanya hivyo. Ukipata nazi, tumia nazi. Kama iliyopo ni chupa ya alizeti ya jikoni, kijiko kimoja cha chai kinatosha. Ukipaka mengi, vumbi la njia ya shule litaganda kichwani, na mto wa kulalia utachafuka.

Sasa gawa nywele mafungu manne kwa vidole, yaani mawili mbele na mawili nyuma, na ufunge matatu pembeni ili yasikusumbue. Chana fungu moja tu. Anzia kwenye ncha, panda kidogo, panda tena, hadi kwenye ngozi. Mkono mmoja ushike nywele katikati, kati ya chanuo na kichwa, ili mvuto uishie mkononi mwako, usifike kwenye ngozi ya mtoto. Hili la kushika katikati ndilo linalonyamazisha watoto wengi, na mtu yeyote mwenye mikono miwili anaweza kulifanya, baba akiwemo.

Mabutu, na kusokota

Mabutu ndiyo ya kuanzia kwa asiyejua kusuka. Fungu lolote kati ya yale manne ligawe mara tatu, usuke kama unavyosuka kamba, bila kubana kwenye shina. Manne hadi sita yanatosha kichwa cha mtoto mdogo. Ni kazi ya robo saa. Hayapendezi sana, na watoto wakubwa wataanza kulalamika kwamba wanachekwa, lakini kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, au kwa siku za nyumbani tu, hakuna kinachoyashinda. Yasuke pia usiku wa kuamkia siku ya kusuka mtindo mwingine, ili kesho nywele ziwe zimenyooka na rahisi kugawa.

Kusokota ni kuchukua mafungu mawili badala ya matatu na kuyazungushana hadi mwisho. Ni haraka kuliko kusuka, na kufumua ni dakika chache. Tatizo ni kwamba nywele fupi sana hujifungua zenyewe kabla ya Jumatano.

Twende kilioni

Wakubwa wanaeleza kwamba jina hili limetokana na haraka yenyewe: habari ya msiba imefika, mtu hana nafasi ya mapambo, anasukwa mistari michache ya kulala kuelekea nyuma na kuondoka. Jina limebaki, na mtindo umehamia shuleni. Ndio unaoruhusiwa zaidi pale ambapo kusuka kunaruhusiwa, na ndio mama wengi wanataka kujua kuusuka wenyewe badala ya kumsubiri jirani.

Kwa mtoto wa darasa la kwanza au la pili, mistari sita hadi minane inatosha. Watu hukosea hapa kwa kutaka mistari kumi na tano myembamba kama ya mtu mzima. Mistari mingi ina maana ya muda mwingi, nywele chache kwenye kila mstari, na mvuto mkubwa kwa kila unywele.

Gawa kichwa katikati kwanza, kutoka paji la uso hadi kisogoni, kwa mkia wa chanuo. Kila upande ugawe mara tatu au nne. Usijali sana kama njia si nyoofu kama ya msusi wa mjini. Fungua mstari mmoja tu, mingine ifungwe.

Anza kusuka nyuma kidogo ya ukingo wa nywele, si kwenye ukingo wenyewe. Zile nywele laini za pembezoni, ambazo baadhi yetu huziita malaika, ziache huru. Chukua nywele kidogo, zigawe tatu, suka mara moja bila kuongeza kitu. Kisha kila unapopitisha fungu la pembeni katikati, liongezee nywele chache kutoka chini yake, na uendelee hivyo hadi kisogoni. Vidole vikae karibu na ngozi, kwani ukisuka mkono ukiwa juu hewani mstari unalegea, na ndipo mtu anaporudi kuukaza kwa nguvu. Mstari unashika kwa sababu mkono uko karibu na kichwa. Nguvu ya kuvuta haihitajiki.

Ukifika kisogoni, suka mwisho kama kamba na ufunge kwa uzi au kipande chembamba cha kitenge. Rababendi zile ndogo za dukani hukata nywele. Ukizitumia, siku ya kuzitoa zikate kwa mkasi, usizivute.

Mara ya kwanza utachukua saa nzima na mistari itapinda. Usimfanyie majaribio mtoto anayekwenda shule kesho. Jaribu Jumamosi mchana, kivulini, ukiwa na kitu cha kumshughulisha. Karanga ni nzuri, kwa sababu zinamaliza muda mrefu kuliko pipi.

Nyuzi

Kabla rasta za dukani hazijajaa kwenye magulio, wasichana wengi walisukwa kwa uzi mweusi. Mtindo huu haukuwa wetu peke yetu, kwani Wayoruba wa Nigeria nao wana jadi ndefu ya kufunga nywele kwa uzi. Siku hizi watoto wengine wanauona wa kizamani. Sisi tunaona umeachwa bure.

Gawa nywele mafungu kumi au kumi na mawili. Funga uzi kwenye shina kwa fundo moja lililolegea, kisha zungusha kuelekea ncha, ukiacha nafasi ndogo kati ya mzunguko na mzunguko, na ufunge mwishoni. Uzi hunyoosha nywele bila moto na bila dawa, huzilinda na vumbi, na ni wa bei ndogo. Fundo la shina ndilo la kuangalia: kama ngozi inanyanyuka kama kichuguu kidogo, umekaza, fungua uanze tena.

Chini ya ushungi

Kwa watoto wanaovaa hijabu shuleni, mistari ilale chini na mwisho ufungwe chini kabisa ya kisogo. Fundo likiwa utosini, ushungi hauketi na mtoto atashinda akiuvuta. Jambo la pili ni unyevu. Usimfunike mtoto nywele zikiwa bado mbichi, kwa sababu kichwa kikishinda na unyevu ndani ya kitambaa huleta harufu na mwasho. Suka jioni, zikauke usiku.

Deni la kukaza

Baada ya kusuka mwambie mtoto akunje uso kama aliyelamba ndimu. Akishindwa, au akionekana macho yamevutwa pembeni, mstari umekazwa mno. Vipele vidogo vyeupe kwenye njia za nywele kesho yake ni dalili ileile. Kumpa mtoto Panadol ili alale baada ya kusukwa ni jambo linalofanyika sana, na tunaliona kosa. Kichwa kinachohitaji dawa ya maumivu kinahitaji kufumuliwa.

Kinachotokea ni hiki. Mzizi wa nywele ukivutwa mfululizo, wiki baada ya wiki, unachoka. Kwanza nywele za kwenye panja na za mbele zinakuwa nyembamba. Ukiacha kuvuta mapema, zinarudi. Ukiendelea kwa miaka, mzizi unakufa, na sehemu hiyo haioti tena hata upake nini. Watafiti wa Cape Town, Afrika Kusini, waliwachunguza watoto wa shule zaidi ya 1,000 na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Kati ya wasichana, karibu mmoja kwa kila sita alikuwa na upungufu wa nywele unaotokana na kuvutwa. Hata wale walioanza shule karibuni walikuwa nao, ingawa kwa kiwango kidogo, na uliongezeka kadiri umri ulivyopanda. Kwa wavulana haukuonekana. Hali ilikuwa mbaya zaidi kwa waliosuka juu ya nywele zilizowekwa dawa.

Hapa tuguse jambo la mkono. Wengi wetu tumekua tukiambiwa fulani ana mkono mzuri wa nywele na fulani ana mkono mbaya, akikusuka nywele zinakatika. Hatutaki kugombana na bibi yeyote. Lakini ukimwangalia huyo mwenye mkono mbaya akisuka, mara nyingi utaona ni mkono unaokaza. Na yule mwenye mkono mzuri, watoto humkimbilia wenyewe. Kama mtoto wako anajificha kila akisikia jina la msusi fulani, msikilize.

Ukienda kwa msusi, ni haki yako kusema, "Dada, mlegezee mbele, huyu ni mtoto." Msusi mzuri hakasiriki. Akikujibu kwamba nywele zisipokazwa hazidumu, mwambie huhitaji zidumu zaidi ya wiki mbili.

Dawa, rasta na maji ya moto

Dawa ya kulainisha nywele haifai kwa mtoto. Nyingine zimetengenezwa kwa magadi makali ya aina ileile inayotumika kutengenezea sabuni, na ngozi ya mtoto huungua upesi kuliko ya mtu mzima. Maandishi ya "watoto" na picha ya msichana anayetabasamu kwenye kopo havibadilishi kilichomo.

Rasta za Krismasi na Idi tunaelewa, sikukuu ni sikukuu. Ziwe fupi na chache, kwa maana uzito wa rasta ndefu unaning'inia kwenye nywele changa usiku na mchana. Hatari kubwa zaidi iko mwishoni, pale msusi anapochovya ncha kwenye maji yanayochemka au kuzichoma kwa kiberiti. Mtoto akigeuka ghafla, maji yale yanamwagika shingoni na mgongoni. Kwa mtoto mdogo funga ncha kwa uzi, basi. Shanga nazo zisubiri hadi afikishe miaka mitatu na zaidi, kwa sababu mdogo kuliko huyo huzing'oa na kuzitia mdomoni, na zinaweza kumpalia.

Mapunye na chawa

Ukiona mabaka ya mviringo yenye magamba, nywele zimekatika hapo kama zilizonyolewa vibaya, hayo huenda ni mapunye. Ni ugonjwa wa fangasi, na huambukizwa kwa kuchangia chanuo, kofia, ushungi, mto au mashine ya kunyolea. Usimsuke mtoto huyo kuficha mabaka. Mpeleke zahanati. Mafuta ya kupaka peke yake hayamalizi mapunye, kwa sababu fangasi wako ndani ya unywele. Mgonjwa hupewa dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, na huwa ni lazima amalize dozi hata mabaka yakishapotea. Ndugu zake wanaolala naye wakaguliwe pia. Kama kuna uvimbe unaotoa usaha au tezi zimevimba nyuma ya shingo, usingoje siku ya gulio, nenda siku hiyohiyo.

Chawa wao hutolewa kwa kitana chenye meno ya karibu karibu, nywele zikiwa zimelowa na zimepakwa mafuta ya kuteleza, kila baada ya siku tatu au nne kwa wiki mbili. Kunyoa nako kunawamaliza. Tunasisitiza hili kwa sababu tuko mkoa wa wafugaji na wakulima: dawa ya kuogeshea ng'ombe, dawa ya kupulizia mazao, petroli na mafuta ya taa visiguse kichwa cha mtoto hata tone. Sumu hizo hupita kwenye ngozi, na petroli karibu na jiko la kuni ni moto unaosubiri.

Siku ya kufumua

Mabutu yakae siku tano hadi saba. Twende kilioni na nyuzi, wiki mbili, zisizidi. Katikati ya muda huo nyunyizia maji kidogo kwenye njia za nywele, paka mafuta kwa ncha ya kidole, na usiku mfunge mtoto kitambaa laini au kipande cha khanga kilichochakaa, kwa kuwa gunia na blanketi la sufu hunyonya mafuta na kukata nywele.

Kufumua kuanzie kwenye ncha kwa vidole, nywele zikiwa na mafuta kidogo. Utaona nywele nyingi zimetoka mkononi na utashtuka. Hesabu hivi: mtu hupoteza kati ya nywele 50 na 100 kwa siku bila kuugua. Zilizoanguka ndani ya wiki mbili zilikuwa zimeshikwa na msuko, na sasa zinatoka kwa mara moja. Kama unywele una kivimbe kidogo cheupe upande mmoja, umeanguka wenyewe kutoka kwenye mzizi. Vipande vifupi visivyo na kivimbe ni nywele zilizokatika, na vikiwa vingi angalia upya jinsi unavyochana.

Baada ya kufumua, mwache siku mbili tatu bila kusuka chochote. Mwishoni mwa wiki inafaa zaidi: afumuliwe Ijumaa jioni, aoshwe Jumamosi, acheze na nywele zake wazi, na Jumapili mchana, kabla ng'ombe hawajarudi, akae tena katikati ya magoti.